Klarineti Mbili za Mpigaji Mmoja

Mtu akitaja mpingo mbele ya Mtanzania, fikira za msikilizaji hukimbilia kwenye vinyago vya Wamakonde. Ni haki yake, kwa maana mchongaji wa Kimakonde ndiye aliyeupa mti ule jina duniani. Lakini uko ulimwengu mwingine unaoujua mpingo kwa sauti na si kwa sura. Kwa zaidi ya miaka mia moja mafundi wa Ulaya wamekuwa wakiuchagua mti huu, unaopatikana hasa katika misitu ya kusini mwa nchi yetu na kaskazini mwa Msumbiji, ili watengeneze klarineti. Ni mti mzito, ambao ukitupwa majini huzama. Ni mti mgumu, nao hukua polepole kwa miongo mingi. Fundi akiutoboa na kuusugua, ukuta wa tundu lake huwa laini, na hauharibiki upesi kwa mate na joto la pumzi. Kwa hiyo gogo lililokatwa Kilwa au Nachingwea laweza kuishia Paris au St. Petersburg, likiwaimbia wachezaji wa baleti ambao hawajapata kulisikia jina la Kilwa.

Nimeanza na mti ili msomaji asidhani kwamba habari ninayotaka kuieleza ni ya wenzetu peke yao. Ukimtazama mpigaji klarineti anapoingia katika okestra ya baleti, utamwona amebeba klarineti mbili, na pengine mwenzake wa pembeni amebeba ya tatu iliyo ndogo. Zote ni nyeusi, zote ni za mpingo, na kwa macho ya mgeni zote ni moja. Hata hivyo mtunzi wa muziki ameandika juu ya karatasi ni ipi ipigwe katika mchezo huu na ni ipi katika mchezo ule. Kwa nini? Swali hili ni dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa zaidi ambalo sisi tunaoshughulika na utamaduni hatuna budi kulijibu: je, chombo cha sanaa huchaguliwa kwa ajili ya wepesi wa kazi, au kwa ajili ya uzuri wa sauti?

Najua wapo watakaouliza kama ni halali kitabu cha utamaduni wa taifa kizungumzie baleti. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba Waafrika wengi wa wakati ule walikuwa wamefundishwa dansi za kigeni, hali hawakuijua gombe sugu, wala mangala, wala lele mama. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine linajipumbaza lenyewe. Maonyo hayo mawili hayapingani. Anayeutazama ufundi wa jirani kwa makini hurudi nyumbani akiwa na macho mapya ya kuutazama ufundi wa mama yake.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Klarineti ni bomba lenye ulimi mmoja wa tete, tofauti na zumari ya pwani yetu ambayo ulimi wake ni maradufu. Sifa ya kuianzisha hupewa fundi Johann Christoph Denner wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18. Bomba hili lina tabia ya pekee. Mpigaji filimbi akitaka kuruka kutoka sauti za chini kwenda za juu, hupata sauti ile ile kwa kimo cha noti ya nane, na vidole vyake hubaki karibu vile vile. Klarineti haikubali hivyo. Yenyewe huruka mpaka noti ya kumi na mbili, na kwa hiyo vidole vinavyotoa noti fulani chini havitoi noti hiyo juu. Mpigaji lazima ajifunze kama lugha mbili katika bomba moja. Zamani, vibonyezo vilipokuwa vichache, kulikuwa na ngazi za muziki zilizopigika kwa wepesi, na nyingine ambazo zilikuwa mateso matupu.

Mafundi walitafuta dawa, wakaipata katika urefu wa bomba. Badala ya kumlazimisha mpigaji ajipinde, walitengeneza klarineti za urefu mbalimbali. Mpigaji akisoma noti ya C na kuziba matundu yake kama alivyofundishwa, klarineti ya B-flati hutoa sauti iliyo chini kwa sauti nzima. Klarineti ya A, ambayo ni ndefu zaidi kwa sentimita chache, hutoa sauti iliyo chini kwa sauti moja na nusu. Ile ndogo ya E-flati hupanda juu kwa sauti moja na nusu, na ndogo ya D hupanda kwa sauti nzima. Noti iliyoandikwa ni ile ile na vidole ni vile vile; sauti ndiyo iliyohama. Mwalimu wa kwaya atalielewa jambo hili mara moja. Yeye huandika do, re, mi, kisha husikiliza makoo ya waimbaji wake ndipo aamue do ya leo ianzie wapi. Waimbaji hawajifunzi wimbo mpya. Wimbo umehamia mahali makoo yao yanapopaweza.

Sasa tutazame mfano. Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi, alitunga baleti ya The Nutcracker, ambayo ilichezwa mara ya kwanza mjini St. Petersburg mwezi wa Desemba 1892. Ndani yake imo Walsi ya Maua, ambayo wengi wameisikia redioni hata kama hawakuijua jina. Walsi hiyo iko katika ngazi kubwa ya D. Kama mpigaji angetumia klarineti ya B-flati, karatasi yake ingebidi iandikwe katika ngazi ya E, yenye alama nne za kupandisha. Tchaikovsky alimwandikia klarineti ya A, na kwa hiyo mpigaji yule husoma ngazi ya F, yenye alama moja tu ya kushusha. Lakini mwanzoni kabisa mwa baleti hiyo hiyo kuna dibaji fupi katika ngazi ya B-flati. Hapo klarineti ya A ingemtwisha mpigaji alama tano, ilhali ile ya B-flati haimpi hata moja, naye husoma ngazi ya C kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Jioni ni moja na mpigaji ni mmoja, lakini vyombo ni viwili, kila kimoja kwa zamu yake.

Msomaji mwangalifu atauliza: kwa nini basi mtunzi asiandike michezo yote katika ngazi moja, klarineti ikapumzika? Jibu ni kwamba klarineti haikai peke yake. Wengi katika okestra ni wapigaji fidla, na nyuzi za fidla zimefungwa katika sauti za G, D, A na E. Ngazi zinazozikaribia sauti hizo huzifanya nyuzi zilie kwa uhuru na kung'aa. Ndiyo maana ngazi ya D hupendwa na fidla. Tarumbeta na jamaa zake, kwa upande wao, wana mazoea ya ngazi zenye alama za kushusha. Fidla haiwezi kubadilishwa katikati ya onyesho, wala mtu hawezi kuzikaza upya nyuzi thelathini au arobaini za wenzake. Klarineti yaweza kubadilishwa. Kwa hiyo huyu mwenye klarineti mbili ndiye jirani mwema wa okestra, ambaye huhama ili wengine wakae.

Lakini kuhama nako kuna gharama. Mpigaji huchomoa kipande cha mdomoni, chenye ulimi uliokwisha kulowa, akakitia katika klarineti ya pili. Klarineti ya pili ilikuwa imelala pembeni na imepoa, na bomba lililopoa hutoa sauti iliyoshuka kidogo. Apewe nafasi ya kulipasha joto kwa pumzi zake. Mtunzi asiyelikumbuka jambo hili humfanya mtu wa watu aonekane hajui kazi, hali kosa si lake. Katika baleti ugumu huzidi, kwa sababu mtunzi si bwana wa muda wake. Marius Petipa, mkuu wa wachezaji katika jumba lile la St. Petersburg, alimpa Tchaikovsky maelekezo ya kila mchezo: mwendo uwe wa namna gani, na vipimo viwe vingapi. Mtunzi ilimbidi aandike uzuri wake ndani ya hesabu ya mtu mwingine, na ndani ya hesabu hiyo hiyo atafute pumziko la mpigaji kubadili chombo. Wachezaji wakizunguka jukwaani, hakuna mtazamaji hata mmoja anayejua kwamba vipimo vile vya kimya vya klarineti vilihesabiwa kwa huruma.

Mpaka hapa yaonekana kama wepesi wa kazi ndio uliotawala. Nilipata kuhudhuria kikao kimoja cha ofisi, ambacho hapana haja ya kukitaja, kilichokuwa kikipitisha orodha ya vyombo vya muziki kwa ajili ya kikundi cha vijana. Katika orodha hiyo ziliandikwa klarineti za B-flati na klarineti za A. Mwenye kalamu alisoma, akacheka, akauliza kwa nini watu wanaagiza kitu kimoja mara mbili. Akazikata zile za A kwa mstari mmoja, na kikao kikaendelea na habari ya viti. Sikuwa na neno la kuuzuia mstari ule, kwa maana fedha zilikuwa chache kweli. Lakini neno lile, "kitu kimoja", lilinikaa moyoni. Kama hoja yote ni wepesi wa vidole, basi huenda bwana yule alikuwa na haki. Tangu miaka ya 1840, Hyacinthe Klosé na fundi Buffet walipoupanga upya mfumo wa vibonyezo mjini Paris, vidole vya mpigaji vimepata uhuru mkubwa. Leo mpigaji hodari aweza kuzisoma karatasi za klarineti ya A na kuzihamishia papo hapo kwenye klarineti ya B-flati. Wapo wanaofanya hivyo. Ya pili ni ya nini tena?

Jibu la kwanza ni la kimo. Noti ya chini kabisa ya klarineti ya kawaida ya B-flati husikika D. Ile ya A, kwa urefu wake, hushuka nusu sauti zaidi, mpaka C iliyopandishwa. Mtunzi akiitaka sauti hiyo, hakuna ustadi wa vidole utakaoitoa katika bomba fupi, kama vile hakuna ustadi wa kuchota maji yaliyo chini ya mwisho wa kamba.

Jibu la pili ni la rangi ya sauti, na hapa yafaa tuseme kweli. Tofauti ya B-flati na A ni ndogo. Msikilizaji wa kawaida huenda asiitambue. Wapigaji wenyewe husema kwamba ile ya A ina giza kidogo na upole zaidi. Watunzi nao waliisikia. Igor Stravinsky, aliyekwisha kuitikisa Paris kwa baleti ya Le Sacre du printemps mwaka 1913, ambamo aliweka wapigaji watano wa jamii ya klarineti, kuanzia ndogo za D na E-flati hadi zile nene za besi, alitunga mwaka 1918 vipande vitatu vya klarineti pekee bila ya chombo kingine. Hapo hapakuwa na fidla za kuridhiwa wala tarumbeta za kusubiriwa. Hata hivyo aliagiza kwamba viwili vya kwanza ni bora vipigwe kwa klarineti ya A, na cha tatu kwa B-flati. Mtu aliye peke yake nyumbani hana jirani wa kumhamia. Akibadili chombo, amekibadili kwa ajili ya sauti yenyewe.

Lakini ushahidi ulio wazi kuliko wote uko katika Boléro ya Maurice Ravel. Leo husikika zaidi katika kumbi za okestra, lakini ilitungwa kuwa baleti, kwa ombi la mchezaji Ida Rubinstein, nayo ilionyeshwa mara ya kwanza Paris mwezi wa Novemba 1928. Muziki wake ni wa namna ya ajabu: ngoma ndogo ya kijeshi inapiga mdundo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na juu ya mdundo huo mahadhi mawili tu yanapokezanwa kutoka chombo hadi chombo, sauti ikiongezeka kidogo kidogo kama maji yanayojaa. Filimbi ndiyo inayoanza. Ya pili kupokea ni klarineti ya B-flati, yenye sauti ya mviringo na utulivu. Kisha yanakuja mahadhi ya pili, yakianzwa na basuni katika kimo chake cha juu. Na mpokeaji wa nne, baada ya basuni, ni klarineti ndogo ya E-flati. Hapo masikio huamka. Sauti ni nyembamba, kali, yenye kejeli kidogo, kama ya mtu anayeyarudia maneno ya mkubwa kwa kuyabana puani. Wepesi wa vidole haukuwa sababu, kwa kuwa ngazi ya C ya Boléro humpa mpigaji wa E-flati alama tatu za kupandisha, ilhali mwenzake wa B-flati ana mbili. Ravel alimpa kazi ngumu zaidi kwa sababu sauti aliyoitaka iko katika bomba lile na haimo katika jingine.

Niliwahi kuyasikia haya kwa masikio yangu, tena si katika jumba la okestra. Mzee mmoja, mstaafu wa bendi ya kijeshi, alinipigia wimbo mmoja wa mwendo wa gwaride kwa klarineti ya B-flati, kisha akaurudia kwa ile ndogo ya E-flati. Mara ya kwanza niliwaona askari wakitembea. Mara ya pili niliwaona watoto wakikimbia pembeni ya askari, wakiwaiga. Nilimwuliza kuhusu klarineti ya A. Akaniambia kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hakupata kuihitaji, kwa kuwa bendi za kijeshi hazina fidla. Zina tarumbeta na matrombone, na hao hukaa katika ngazi zinazoipenda B-flati. "Ile ya A," alisema, "huchumbiwa na fidla."

Basi nikakikumbuka kile kikao, nikaona jambo ambalo halikusemwa siku ile na mtu yeyote. Kikundi cha vijana kilichoombewa vyombo kilikuwa cha tarumbeta na ngoma, bila ya fidla hata moja. Uamuzi wa kuzikata klarineti za A ulikuwa sawa, lakini sababu iliyotolewa haikuwa sawa. Na katika kazi ya utamaduni, sababu mbovu ni hatari hata inapozaa uamuzi mwema, kwa maana uamuzi hukaa katika faili moja, lakini sababu hutembea. Mwenye kusema leo kwamba klarineti mbili ni kitu kimoja, kesho atasema chapuo na vumi ni kitu kimoja, kwa kuwa zote ni ngoma. Atamwambia mzee wa kijijini kwamba haina haja kuzisogeza ngoma motoni kabla ya mchezo, kwa kuwa ngozi ni ngozi. Atakipa kikundi cha lele mama vyombo vyovyote vilivyomo stoo, kisha atashangaa kwa nini akina mama wanacheza kama walioamriwa.

Sisi washairi twalijua jambo hili kwa njia yetu. Mwenye maneno ya kusema hayatii katika bahari yoyote ile. Habari ndefu ya vita huitaka tenzi, yenye vipande vifupi vya mizani nane vinavyokwenda kama hatua za msafiri. Shairi la mizani kumi na sita lina pumzi nyingine, nalo hulifaa wazo linalotaka kugeuzwa upande huu na upande huu. Ni kweli kwamba bahari huchaguliwa ili ulimi wa mwimbaji usijikwae, na ni kweli kwamba huchaguliwa kwa ajili ya uzuri. Lakini mtunzi mzoefu hazitenganishi sababu hizo. Ulimi unaojikwaa hauwezi kutoa uzuri, na wepesi usiozaa uzuri ni uvivu tu.

Hilo ndilo jibu ninaloliona katika zile klarineti mbili. Tchaikovsky alimwepushia mpigaji alama nne, ili nguvu ambayo vidole vingeitumia kupambana na karatasi ibaki kwa ajili ya wimbo. Ravel alimwongezea mpigaji ugumu, kwa sababu wimbo ulidai hivyo. Wote wawili walikijua chombo kwa undani, wakamjua na mtu anayekishika. Hawakuchagua kwa mazoea, wala kwa bei, wala kwa sura.

Nawasihi walimu, wanapowafundisha vijana muziki au ngoma, wawape nafasi ya kusikia kabla ya kuwapa majina. Kama shule ina ngoma mbili za ukubwa tofauti, ule mdundo mmoja na upigwe kwa zote mbili, na wanafunzi waulizwe ni upi unaoita miguu na ni upi unaoita moyo. Kama kuna bendi karibu, waombwe wapigaji wake waje na klarineti zao. Na kijana akiishika ile ya mpingo, aambiwe kwamba mti ule ni wa kwao, ulikua kwa miongo mingi katika ardhi ya kusini kabla ya kupata sauti. Kitu kilichongojewa muda mrefu namna hiyo chastahili kuulizwa, kabla ya kupulizwa, kinafaa kuimba nini.